Longonot saa 7:20 mchana: uchambuzi wa kisa cha kundi lililoamulia ukingoni

Saa 7:20 mchana, watu saba wamesimama kwenye ukingo wa kreta ya Mlima Longonot, wanabishana. Wawili wanataka kurudi. Wanne wanataka kuzunguka. Mmoja anasema yeye atafuata wengi. Jua la Februari liko utosini, lakini upepo unavuma kutoka bondeni na hakuna anayehisi joto. Njia ya kushoto inaonekana tambarare kuliko ya kulia, na kuna kundi jingine limeshaishika. Wanashika kushoto. Karibu saa sita baadaye mmoja wao anafikishwa langoni ameshikwa mabega yote mawili, kifundo cha mguu kimevimba, na saa ya kufungwa lango imeshapita.

Kundi hili ni la mfano. Tumeliunda kwa makosa yanayojirudia pale mlimani karibu kila mwisho wa wiki, na saa zao tumezipanga sisi ili hesabu ionekane wazi. Mlima, njia na umbali ni vya kweli. Hakuna aliyefanya upumbavu wowote katika kisa hiki. Kila uamuzi ulikuwa na maana yake wakati ulipofanywa, na hapo ndipo ugumu wa Longonot ulipo.

Mlima wenyewe

Longonot ni volkeno iliyotulia kusini-mashariki mwa Ziwa Naivasha, kama kilomita 90 kutoka Nairobi. Mlipuko wake wa mwisho unakadiriwa kutokea miaka ya 1860. Jina linatokana na Kimaasai, oloonong'ot, yaani mlima wenye migongo mingi. Ukiutazama kutoka barabara ya Mai Mahiu unaona sababu: ubavu wote umechanwa na makorongo yanayoteremka kama mikunjo ya shuka.

Vipimo ni vichache na inafaa kuvijua kwa kichwa. Lango liko kwenye mita 2,150 hivi. Kutoka langoni hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1. Kuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Kurudi langoni ni kilomita 3.1 tena, jumla kilomita 13.4. Kilele, Kilele Ngamia, kiko mita 2,776 upande wa magharibi wa ukingo. Ukitoa mita za lango kwenye mita za kilele unapata kama 630, na wengi hupanga safari kwa namba hiyo. Inawadanganya. Ukingo si bapa kama mdomo wa sufuria. Una meno, unapanda na kushuka tena na tena, kwa hiyo mita zinazopandwa na miguu ni nyingi kuliko hizo 630.

Jambo la pili linalodanganya ni ukingo wenyewe. Ukifika pale juu baada ya kilomita 3.1, ardhi inakatika ghafla mbele yako na unaona kreta nzima chini, takriban kilomita 2 kutoka ukuta hadi ukuta, sakafu yake imefunikwa na msitu mzito, na mvuke ukitoka hapa na pale kwenye kuta. Mwili unasema: tumefika. Watu hukumbatiana, hupiga picha, hufungua vyakula. Kumbe kwa anayetaka kuzunguka, hapo ametimiza chini ya robo ya safari, na sehemu kali zaidi bado iko mbele.

Kilichotokea kabla ya ukingo

Kundi lilipanga kuondoka Nairobi saa 12 asubuhi. Liliondoka saa 2. Mmoja alisubiriwa, kisha wakasimama dukani. Teremko la Mai Mahiu lilikuwa na malori, kwa hiyo walifika langoni saa 4:30. Kiingilio cha mbuga za KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si kwa noti mkononi, na hapakuwa na aliyelipa kabla ya kutoka nyumbani. Simu saba, nywila zilizosahaulika, kitambulisho cha mmoja kikiwa garini: nusu saa ikapita. Walianza kutembea saa 5 kamili.

Saa 5 asubuhi ni saa mbaya kuliko zote kuanzia Longonot. Anayeanza saa 1 asubuhi hupanda ubavu kwa ubaridi, huwa ukingoni saa 2 na nusu, na humaliza mzunguko kabla jua halijakaza. Anayeanza saa 5 hupanda ubavu wakati wa jua kali, na mzunguko wote hauna kivuli cha kutegemea. Kuna leleshwa na vichaka vya kimo cha mtu, basi. Maji hayapo popote njiani.

Kilomita ya kwanza ni rahisi. Ni uwanda wenye migunga na vichaka, na mara nyingi twiga na pundamilia huonekana. Kisha njia inaanza kupanda, na udongo unabadilika. Ni majivu ya volkeno, laini kama unga wa ngano, rangi ya kijivu, na mguu unazama hadi kamba za viatu. Wa mbele anaona mawe, wa nyuma anaona vumbi. Leso au kitambaa chepesi cha kufunga puani si mapambo hapa. Kundi lilitembea limebanana, kwa hiyo wanne wa nyuma walivuta vumbi la watatu wa mbele, koo zikakauka, na wakanywa maji kabla ya wakati.

Kuhusu maji, kila mmoja alibeba chupa moja ya lita moja, isipokuwa mmoja aliyekuwa na nusu lita na soda. Tupige hesabu. Mtu anayepanda juani huhitaji walau nusu lita kwa saa. Safari kamili kwa mwendo wa kawaida ni saa tano, na kwa kundi lenye wageni wa mlima ni saa sita au zaidi. Hiyo ni lita 3 kwa kila mtu, yaani lita 21 kwa watu saba. Wao walikuwa na lita 6 na nusu na soda moja. Kilo tatu mgongoni zinaonekana nyingi ukiwa umesimama kwenye maegesho, na kila anayezipunguza hapo huzijutia upande wa pili wa kreta. Zigawe kwenye chupa tatu za lita moja badala ya jerikeni moja kubwa. Ukifika ukingoni chupa ya kwanza ikiwa tupu, uko sawa. Ukianza kugusa ya tatu kabla ya kilele, jua kwamba umechelewa.

Walifika ukingoni saa 6:40, baada ya saa 1 na dakika 40. Wengi huchukua kati ya saa moja na saa moja na nusu. Mwendo wao haukuwa wa aibu hata kidogo, ila ulikuwa habari muhimu ambayo hakuna aliyeichukua. Walikaa dakika 40 wakila na kupiga picha. Maji yalikuwa yamebaki kama nusu kwa kila mtu.

Hesabu ambayo ingefanywa pale

Hapa ndipo tunataka msomaji asimame nasi, kwa sababu yote yaliyofuata yalikuwa yanasomeka tayari.

Kipimo bora cha safari iliyobaki ni mwendo wako mwenyewe wa kupanda, si wa mtu uliyemsikia. Chukua muda uliotumia kutoka lango hadi ukingo, uzidishe kwa mbili, ongeza nusu saa ya mapumziko. Huo ndio muda wako wa kuzunguka. Kwa kundi hili: saa 1:40 mara mbili ni saa 3:20, ongeza nusu saa, unapata saa 3 na dakika 50. Kutoka 7:20 unafika 11:10 jioni kwenye makutano yale yale, pale njia ya langoni inapokutana na ukingo. Kushuka langoni saa moja zaidi: 12:10. Lango hufungwa saa 12 jioni, na jua huzama kabla ya saa moja usiku. Hesabu hiyo haina hata dakika moja ya ajali, ya msuli kukaza, ya kiatu kukatika. Na maji ya nusu lita kwa kila mtu yalikuwa yanabebeshwa kazi ya karibu saa tano.

Waliotaka kurudi walikuwa sahihi, lakini walijitetea kwa maneno yasiyo na nguvu: "tumechoka", "jua ni kali". Maneno hayo hushindwa mara moja na "tumetoka mbali, tusirudi hivi hivi." Wangesema: tutafika langoni saa 12:10 na maji yataisha kabla ya saa 9. Mabishano yangeisha. Kiongozi wa kundi, hata kama ni rafiki tu aliyeitisha safari, ndiye wa kusema namba hizo kwa sauti kabla watu hawajaanza kupiga kura.

Na kurudi si njia pekee iliyokuwepo. Wengi hudhani pale ukingoni kuna mawili tu, kuzunguka au kushuka. Lipo la tatu: shika kulia, tembea hadi saa fulani iliyowekwa, geuka popote ulipo. Wangeondoka 7:20, wageuke saa 8:30 bila kujali wamefika wapi, wangerudi makutanoni karibu saa 9:40 na langoni saa 10:40, jua likiwa bado juu.

Kulia au kushoto

Njia inafika ukingoni upande wa kaskazini. Ukiwa umeitazama kreta, kilele kiko kulia kwako, magharibi. Kwa hiyo anayeshika kulia hukutana na kilele mapema, miguu ikiwa na nguvu na chupa zikiwa na maji. Anayeshika kushoto hupita kwanza mashariki na kusini, kupanda na kushuka kwingi kusikotisha kila kumoja peke yake, kisha hufika chini ya kilele mwishoni, akiwa amechoka.

Wapo wenye uzoefu wanaopenda kushoto ili kilele kiwe cha mwisho. Kwa mtu aliyeanza saa 1 asubuhi na lita 3 mgongoni, hatuna ugomvi naye. Kwa kundi lililochelewa, kushoto ni mtego, na sababu si ugumu wa njia. Ni kwamba ukishavuka upande wa kusini, kurudi ulikotoka ni mbali sawa na kuendelea, na mbele kuna kilele. Njia ya kutokea inakuwa kupitia mahali pagumu kuliko pote. Anayekwenda kulia, akishindwa mguuni pa kilele, hurudi kwa njia fupi aliyoijua tayari. Kukata njia kwa kushukia ndani ya kreta hakupo kabisa: kuta ni za wima, msitu wa chini ni mzito, na kuna wanyama, nyati wakiwemo.

Kundi lilifika mguuni pa kilele saa 9:30. Maji yalikuwa yamewaishia watano. Mmoja alishikwa na msuli wa paja, ukakaza kama jiwe. Walimnyoosha mguu, wakamsugua, ukaachia, ukakaza tena baada ya hatua hamsini. Kilichomkosea hakikuwa maji peke yake. Alikuwa ametoka jasho kwa saa nne na nusu, chumvi ikiwa imekauka mistari meupe kwenye ukosi wa fulana yake, na alichokula ni biskuti na soda. Njugu zenye chumvi, mayai ya kuchemsha yenye chumvi yake pembeni, ndizi na viazi vitamu hufanya kazi kubwa mlimani kuliko keki. Pakiti mbili za ORS, unga wa sukari na chumvi wa kurudisha maji mwilini, ni nyepesi mfukoni kuliko simu. Kama huna, nyumbani changanya vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi katika lita moja ya maji safi. Pima hasa chumvi, kwa sababu ikizidi inadhuru.

Walifanya jambo moja zuri hapo: waligawana maji yaliyobaki kwa mwenye maumivu kwanza, na hawakumwacha nyuma na mtu mmoja "awasubiri". Kundi linalogawanyika ukingoni hupoteza uwezo wa kujua nani yuko wapi.

Mpando wa mwisho wa kilele unahitaji mikono. Si kupanda kwa kamba, lakini kuna mahali unashika mwamba au mzizi, unatafuta pa kuweka ncha ya kiatu, na unajivuta. Njia ni nyembamba, na upande mmoja ni kreta. Mkoba uliolegea humvuta mtu nyuma, kwa hiyo kaza mikanda yake kabla ya kuanza. Simu iingie mfukoni na zipu ifungwe. Mmoja apande, asimame mahali imara, ndipo wa pili aanze, kwa kuwa jiwe linaloponyoka chini ya mguu wa wa juu huanguka kwenye uso wa wa chini.

Saa 10:15 walikuwa kileleni. Ukisimama pale unaona Ziwa Naivasha limelala kaskazini-magharibi, mvuke mweupe wa visima vya Olkaria, ukuta wa Mau nyuma yake, Mlima Suswa kusini, na milima ya Nyandarua kaskazini-mashariki. Ni mahali ambapo mtu anastahili kukaa nusu saa ananyamaza. Wao walikaa dakika tano, kwa kuwa saa ilikuwa imewabana, na hilo ni sehemu ya hasara ya kuchelewa ambayo haiingii kwenye hesabu ya lita na kilomita. Saa 11:15 walirudi makutanoni. Hesabu ya mchana ilisema 11:10.

Kushuka, mahali penye majeraha

Mtu aliyefika makutanoni amechoka huona kwamba kazi imekwisha. Kwa mapafu, ndiyo. Kwa magoti na vifundo, kazi ndiyo inaanza. Ukipanda, misuli ya mbele ya paja hujikunja ikisukuma. Ukishuka, misuli hiyo hiyo hulazimika kurefuka huku ikizuia uzito wote usianguke, na baada ya saa sita huanza kutetemeka. Mguu unaotetemeka hautui pale ulipokusudia.

Halafu kuna ardhi. Mvua za misimu iliyopita zimechimba njia ikawa mifereji, mingine hadi kiuno, mingine pana kiasi cha kiatu kimoja tu. Chini ya mfereji kuna unga wa majivu umefunika mawe ya mviringo, na hauoni jiwe hadi limeshabingirika. Mvua ikinyesha, unga huo huwa tope linaloteleza kama sabuni. Sehemu kali karibu na ukingo zina ngazi, na wachovu huzikwepa kwa kupita pembeni, ambako ndiko udongo umelegea zaidi.

Namna ya kushuka ni hii. Hatua ziwe fupi, nusu ya unazozoea. Magoti yasinyooshwe kabisa wakati wowote. Kisigino kitangulie kwenye unga mzito, kikate kidaraja chake, lakini juu ya mwamba mkavu weka wayo wote. Panapokuwa wima sana, geuka ubavu na ushuke kwa hatua za kando. Mtu na mtu waachane mita tatu au nne. Fimbo moja ndefu, inayofika kifuani, hupunguzia magoti mzigo mkubwa, na ni kwenye kushuka inakohitajika kuliko kupanda. Kamba za viatu zikazwe upya ukingoni, hasa pale kwenye kifundo, ili vidole visigonge mbele. Anayeshuka bila kuzikaza upya huweza kupoteza kucha za vidole gumba baada ya wiki mbili. Raba zenye soli iliyokwisha hazifai, hata kama ni nzuri mjini.

Aliyeumia alikuwa wa pili kutoka nyuma, saa 11:45, kwenye mfereji mwembamba. Hakuwa anakimbia. Aligeuza kichwa kumjibu wa nyuma, kisigino kikakanyaga jiwe lililofichwa na unga, kifundo kikapinda kwa ndani. Ukitaka kuongea wakati wa kushuka, simama.

Wenzake walitaka kumvua kiatu waone. Aliyekataa alikuwa sahihi: kiatu kilegezwe kamba kidogo, kibaki mguuni, kwa kuwa ndicho kinachoshikilia kifundo hadi chini. Kikivuliwa, uvimbe hautakiruhusu kirudi. Walimpa dakika kumi, mguu umeinuliwa juu ya mkoba. Kisha wakamjaribu hatua nne. Akizikanyaga, hata kwa kuchechemea, yaelekea ni kuteguka. Asipoweza kabisa kuuweka uzito kwa hatua nne, mchukulie kama aliyevunjika mfupa na uombe msaada kwa walinzi badala ya kumburuta. Ndiyo maana namba ya simu ya ofisi ya lango huandikwa kwenye simu mbili asubuhi, si kutafutwa jioni. Yeye aliweza. Wakamfunga leso juu ya kiatu kwa mtindo wa namba nane, chini ya wayo, juu ya kifundo, ikivuka mbele.

Kumshika mtu mabega mawili haiwezekani ndani ya mfereji wa upana wa kiatu kimoja. Pale alishuka ameketi, mikono nyuma, mguu usioumia ukitangulia, mtu mmoja mbele yake akizuia asiserereke. Ni polepole na suruali huchanika, lakini ni salama. Walipofika uwandani, ndipo wawili wakamshika. Tochi ilikuwa moja kati ya watu saba, ya simu, betri ikiwa asilimia 9. Mwanga ulikuwa umebaki kiasi cha kuona njia tu. Walifika langoni saa 1 usiku.

Langoni anywe kidogo kidogo, si chupa nzima kwa mkupuo, kwa sababu tumbo lililokaukiwa hurudisha. Kiatu kivuliwe garini, mguu uinuliwe njia nzima, kitu cha baridi kilichofungwa kwenye kitambaa kiwekwe dakika 15 hadi 20, kisirudiwe mpaka ngozi irejeshe joto lake. Asubuhi arudie zile hatua nne. Zikimshinda, au akibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, ndani au nje, na kuruka kwa maumivu, aende hospitali akapigwe picha ya eksirei siku hiyo hiyo.